Mtambaji Peke Yake Hatoshi

Kuna sentensi ambayo ukisoma tahakiki kumi za tamthilia za Kiswahili utakutana nayo katika nane. Inasema, kwa maneno haya au mengine, kwamba mwandishi fulani ametumia mbinu za Bertolt Brecht. Ushahidi wake ni kwamba ndani ya tamthilia yumo mtambaji anayesema na hadhira, umo wimbo unaokata mazungumzo, na pengine imo ngoma. Sentensi inaishia hapo. Mwanafunzi anapata alama zake, mwalimu anafungua karatasi inayofuata.

Nataka kubishana na sentensi hiyo, na nataka kubishana nayo nikiwa Ifakara. Huku bonde la Kilombero mtambaji, wimbo na ngoma si mada ya semina. Viko sokoni, viko uwanja wa shule, viko mbele ya zahanati, vimeletwa na gari lenye spika mbili juu. Na kazi vinayoifanya, mara nyingi, ni kinyume cha ile aliyoitaka Brecht.

Kwanza neno lenyewe. Kwa Kijerumani Brecht aliliita Verfremdung. Vitabu vyetu vingi huliita ukengeushi, na hapo tunajikoroga, kwa sababu ukengeushi ndilo neno tunalolitumia pia kwa hali ile aliyoieleza Marx, ya mfanyakazi kutengwa na kazi ya mikono yake. Kwa Kijerumani hayo ni maneno mawili tofauti. La Marx linataja maradhi. La Brecht lilikusudiwa kuwa sehemu ya dawa. Mimi nitasema kugenisha: kukichukua kitu ambacho watu wamekizoea mpaka hawakioni tena, na kukiweka mbele yao kama kimeingia leo kutoka mbali. Waswahili wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huuliza kwa nini mlango wenu umeelekea magharibi, na mwenye nyumba, aliyeishi humo miaka ishirini, anagundua kwamba hajui.

Sasa, Brecht aliipata wapi fikra hiyo? Sehemu yake aliipata kwa kumtazama Mchina. Mwaka 1935, mjini Moscow, alimwona Mei Lanfang, mwigizaji mashuhuri wa opera ya Peking aliyesifika kwa kuigiza wanawake, na baadaye akaandika insha kuhusu uigizaji wa Kichina. Kilichomvutia ni kwamba mwigizaji yule hakujifanya amegeuka kuwa mwanamke. Alimwonyesha mwanamke, huku akionekana wazi kwamba anaonyesha. Brecht akaona umbali kati ya mwigizaji na mhusika, na katika umbali huo akaona nafasi ya mtazamaji kufikiri.

Lakini nani hasa aligenishiwa siku ile? Brecht mwenyewe, na Wazungu waliokaa karibu naye. Mtazamaji wa Beijing aliyekulia kwenye opera ile hakuona umbali wowote. Aliona kanuni anazozijua tangu utoto. Mwendo wa mkono ulimwambia mlango umefunguliwa, naye akaona mlango. Kwa hiyo kugenisha hakukai ndani ya mbinu. Kunakaa kati ya mbinu na mazoea ya anayetazama, na ukihamisha mbinu kutoka hadhira moja kwenda nyingine inaweza kugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Jambo hili dogo tumelisahau.

Wahindi walipita njia hii kabla yetu, na inafaa kuwatazama kidogo. Habib Tanvir alifika Berlin mwaka 1956, muda mfupi baada ya kifo cha Brecht, akatazama maonyesho ya kundi lake. Kisha alirudi nyumbani na hatimaye akajenga tamthilia zake na waigizaji wa vijijini Chhattisgarh, wakisema lahaja yao wenyewe. Girish Karnad, katika Hayavadana ya mwaka 1971, alimweka jukwaani Bhagavata, msimulizi kutoka ngoma ya yakshagana ya Karnataka. Wakosoaji wengi wa huko walifurahi na kusema: kumbe haya ya Brecht sisi tulikuwa nayo siku zote. Furaha hiyo naielewa. Nimeisikia kwetu pia, kwamba bibi zetu walikuwa Brecht kabla ya Brecht. Ila fahari hiyo inaficha swali. Kama tulikuwa nayo siku zote, basi tumeizoea siku zote, na kitu kilichozoeleka kinagenishaje? Katika Charandas Chor ya mwaka 1975, Tanvir hakutegemea nyimbo za kijiji zimfanyie kazi hiyo. Alichukua mwizi wa hadithi za kuchekesha aliyeapa kusema kweli, akamfuata mpaka kweli hiyo inamuua. Watu waliokuja kucheka wakajikuta wameshika kitu kisichochekesha. Umbo lilikuwa la nyumbani. Alichokikataa ni ule mwisho ambao umbo hilo huwazoesha watu kuungoja.

Ndiyo hoja yangu yote, na nadhani Ebrahim Hussein aliijua kuliko sisi tunaomchambua.

Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943, akasoma Dar es Salaam, kisha akaenda Berlin ya Mashariki, Chuo Kikuu cha Humboldt, alikoandika tasnifu ya udaktari kuhusu maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki, iliyokamilika mwaka 1975. Wachambuzi huichukua safari hiyo kama risiti: alikwenda kwa Brecht, alinunua mbinu, alizileta. Angalieni tarehe lakini. Kinjeketile ilitoka mwaka 1969 na Mashetani mwaka 1971, kabla ya tasnifu. Na baada ya Berlin, mwaka 1976, alichotoa ni Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ngano za kutendwa ambamo mtambaji mmoja anabeba wahusika wote kwa sauti na mwili wake. Ametoka mji wa Brecht, na badala ya kurudi na mabango na taa za kumulika hadhira, amerudi na hadithi.

Kinjeketile nataka kuisoma kutoka huku, kwa sababu vita inayoizungumzia ilipita humu bondeni. Tamthilia inaanzia kwenye chimbuko, kwa Wamatumbi na majirani zao, ambako mganga aliyeingia majini na kutoka anawapa watu maji yatakayogeuza risasi. Lakini mwezi Agosti 1905 moto ulikuwa umeshafika Kilombero. Wambunga waliishambulia ngome ndogo ya Wajerumani hapa Ifakara, na tarehe 30 mwezi huo maelfu ya wapiganaji, Wapogoro na Wambunga wakiwamo, waliiendea boma ya Mahenge, kule juu ng'ambo ya mto, wakakutana na bunduki za rashasha. Kilichofuata, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, ni njaa. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalitaja vifo 75,000 katika vita nzima, mwanahistoria G.C.K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Hussein aliandika katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Watu huipita sentensi hiyo haraka, kama vile ni adabu ya mwandishi kujikinga. Mimi naiona kuwa tendo la kugenisha lenyewe. Kumbuka mwaka. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wanazunguka nchini kukusanya kumbukumbu za wazee kuhusu Majimaji. Taifa lilikuwa bado changa na lilihitaji babu wa harakati zake. Kinjeketile alikuwa anakaribia kuwa sanamu. Hussein anamchukua mtu huyo na kumpa kitu ambacho sanamu haina, yaani shaka. Roho ya Hongo inasema kupitia kinywa chake, na katika maneno hayo yumo Seyyid Said, kwamba wakimshinda Mjerumani watakuwa watu wake. Kinjeketile akizinduka anashtuka kuliko wote. Ukombozi gani huu wenye sultani ndani yake? Anataka kusubiri, na watu hawasubiri.

Hakuna mtambaji hapo anayegeukia hadhira. Tamthilia hii wahakiki wengi wanaiweka karibu na tanzia ya Aristotle, na kwa umbo wako sahihi. Hata hivyo jaribu kuisoma mwisho wake na watu wa bondeni. Kinjeketile amefungwa, amepigwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu anajua neno hilo la kukiri litatumiwa kuwafundisha watoto kwamba kupigana lilikuwa kosa. Nimeisoma onyesho hilo kwa sauti na vijana wanane, baadhi yao wajukuu wa vitukuu wa waliokwenda Mahenge. Kusoma kulichukua dakika chache. Ubishi uliendelea mpaka giza likaingia. Kijana mmoja alisema angesema kweli, kwa sababu uongo ule ndio uliowamaliza watu wake. Mwenzake akamuuliza, ungeisema kwa nani? Kwa yule aliyeshika mjeledi? Wa tatu, ambaye hakuwa amesema kitu, akauliza kwa nini hakuna anayemtaja Mjerumani katika huo uongo, kana kwamba maji ndiyo yaliyopiga risasi.

Hilo ndilo Brecht alilokuwa analitafuta: watu waliojua mwisho tangu mwanzo, ambao kwa hiyo hawaulizi nani atashinda bali kwa nini walikubali, na mimi ningefanya nini. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeimba pia.

Mashetani inafanya kazi kwa njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo yenye ujanja zaidi. Tunafungua macho na kumwona Shetani na Binadamu, na tunaanza kutafsiri kama tulivyofundishwa: Shetani ni ukoloni, Binadamu ni Mwafrika, kalamu na daftari tayari. Halafu inabainika kwamba ni vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza. Mchezo uliokuwa ndani ya mchezo unakatika, na sisi tunabaki na tafsiri yetu mkononi kama mtu aliyefika harusini siku ya pili. Kuanzia hapo Hussein anatulazimisha kumtazama Kitaru anayeugua, nyumba mpya ya wazazi wake, na bibi yake Juma anayekumbuka enzi za mashamba ya mikarafuu. Ishara zote kubwa zinateremshwa mpaka kwenye sebule ya watu waliofaidika na Uhuru na wengine waliopoteza kwa Mapinduzi. Nani shetani? Swali hilo linabaki na wewe, na halijibiki kwa mistari mitatu ya mtihani.

Ngano za mwaka 1976 ndizo zinazothibitisha ninachosema kuhusu mtambaji. Hadithi ya Kiswahili ina mkataba. Mtambaji anasema paukwa, hadhira inajibu pakawa, na tangu hapo kila mmoja anajua wajibu wake. Mtambaji huyo hakutengi na hadithi. Anakuvuta ndani kwa mkono, anakukalisha karibu na moto, na mwisho anakupa fundisho la kulalia. Ukimtia katika tamthilia kama alivyo, umeongeza joto, hujaongeza umbali. Katika Ngao ya Jadi Hussein anaanza na mkataba huohuo. Nyoka Sesota anauawa, watu wanashangilia, na hadhira iliyolelewa na ngano inajiandaa kwenda kulala, maana nyoka akifa hadithi imekwisha. Haikwishi. Balaa linarudi baada ya shangwe, na mtambaji aliyetakiwa kutufariji anaendelea kusimulia sehemu ambayo hatukuiomba. Msomaji wa mwaka 1976, miaka 15 baada ya Uhuru, hakuhitaji kuambiwa nyoka ni nani.

Penina Muhando, ambaye ni mtoto wa mkoa huu wa Morogoro, kutoka Berega wilayani Kilosa, naye amemtumia msimulizi, na kwake nina sifa na manung'uniko. Katika Nguzo Mama ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo. Hawana majina ya kuwatofautisha ila namba: Bi Moja, Bi Pili, kuendelea mpaka Bi Nane. Namba hizo ni kugenisha kwa hali ya juu, na kwa bei rahisi. Mwanamke wa kwetu amezoea kuitwa Mama Fulani mpaka jina lake mwenyewe limesahaulika, na sisi hatuoni ajabu. Muite Bi Tano jukwaani na ghafla kila mtu anasikia kwamba kuna jina limepotea. Manung'uniko yangu ni juu ya Bi Msimulizi. Anasema mno. Kuna mahali nguzo imekwama, wanawake wamekwama, hadhira imeanza kujiuliza, na yeye anaingia kutueleza tuone nini. Ni kama mwenyeji anayekutafunia chakula. Lakini nguzo yenyewe Muhando hakuidanganya. Haisimami. Kwa miaka ile, nyimbo na ngonjera zikisifia maendeleo ya akina mama kila kona, kuandika nguzo isiyosimama kulitaka moyo.

Nimesema kwamba mtambaji, wimbo na ngoma vipo Ifakara hadharani. Sasa nieleze vinavyofanya.

Mji huu umezoea utafiti na kampeni. Hospitali ya Mtakatifu Francis iko hapa, Taasisi ya Afya Ifakara iko hapa na mizizi yake inarudi miaka ya 1950, na malaria ya bonde hili imeandikwa katika majarida ya dunia nzima. Pamoja na utafiti huja elimu, na pamoja na elimu huja igizo. Mashirika yanakuja na kuondoka, vikundi vya sanaa vinabaki, vikikodishwa leo kwa chandarua, kesho kwa kifua kikuu, keshokutwa kwa ndoa za utotoni. Mwaka jana baada ya mavuno nilitazama igizo la aina hiyo kwenye kijiji kimoja njia ya kwenda Mlimba. Ngoma ililia nusu saa kukusanya watu. Mtambaji mwenye kanzu akatoa paukwa, tukajibu. Akatoka mzee mvuvi, ambaye ni kijana aliyejaza mto tumboni na kubandika ndevu za pamba, na chandarua chake akakifanya wavu wa kuvulia samaki. Mtoto wake akaugua. Akaenda kwa mganga, mambo yakaharibika, watu wakacheka. Akaja muuguzi mwenye koti jeupe, akaeleza, mtoto akapona, wote wakaimba. Halafu maswali na zawadi: tulale wapi? Watoto walikuwa wameshapiga kelele za "kwenye chandarua!" kabla swali halijaisha, mikono imenyooshwa kwenye vipande vya sabuni.

Orodhesha kila anachokitaja mwanafunzi katika ile sentensi. Hakuna pazia. Hakuna ukuta kati ya mwigizaji na hadhira. Mtambaji anasema nasi moja kwa moja, nyimbo zinakata kisa, hakuna anayedhani kijana yule ni mzee kweli. Kila kifaa kipo. Na hakuna kilichogenishwa, hata ukucha. Mvuvi wa kijiji chao ameonyeshwa kuwa mjinga, mwenye koti jeupe ameonyeshwa kuwa na akili, kama ilivyokuwa igizo lililopita na lililotangulia hilo. Hata vichekesho vya enzi ya ukoloni, vilivyomcheka mshamba anayeingia mjini, vilitumia vifaa hivi hivi kwa kazi hii hii.

Kisha bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akauliza bila kunyoosha mkono. "Mwanangu, hicho kitanda mmekitoa wapi?" Watu wakacheka. Hakuwa anatania. Akasema mpunga ukianza kutoa mashuke yeye huhamia shambani kuamia ndege, analala dunguni mpaka mavuno, na mwenzake ni ndege mchana na nguruwe pori usiku. "Kwenye dungu nakifunga wapi?"

Muuguzi wa igizo hakuwa na mstari wa kujibu hilo. Ila yule kijana wa ndevu za pamba, mto bado tumboni, alizivuta ndevu mpaka kidevuni. "Shikamoo bibi." "Marahaba." "Hata mimi nalala dunguni, bibi." Akaanza kuonyesha kwa mikono: nguzo nne, sakafu ya miti, paa la nyasi ambalo ukifunga kamba upande huu upepo unaingia upande ule. Akachukua chandarua kile kile alichokuwa anavulia samaki, akajaribu kukitundika hewani. Pembe moja ikaanguka. Mtu akapiga kelele ajaribu na fito. Mwingine akasema fito zenyewe siku hizi huruhusiwi kukata. Kwa dakika mbili, tatu hivi, uwanja mzima ulikuwa unajenga dungu lisiloonekana na kubishana juu yake.

Brecht ana insha kuhusu ajali ya barabarani. Anasema mfano wa msingi wa tamthilia anayoitaka ni shuhuda aliyeona ajali na anawaonyesha wengine ilivyotokea. Hana haja ya kuwa dereva. Anaonyesha kiasi cha kutosha ili waliosimama pale waweze kuamua. Kijana yule, nusu mzee wa pamba nusu yeye mwenyewe, alikuwa shuhuda wa namna hiyo, na chandarua ambacho sote tumekizoea mpaka kimekuwa kama nembo kilionekana kwa mara ya kwanza jinsi kilivyo: kitambaa kinachohitaji nyumba. Lilipoibuka swali la nani hana nyumba miezi ile na kwa nini, mtambaji akashika kipaza sauti, akamshukuru bibi kwa mchango wake mzuri, akaturudisha kwenye mada. Simlaumu. Aliyelipia spika alikuwa amelipia jibu, na bibi alikuwa ameleta swali.

Mambo yangeweza kuwa vingine, na si ndoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na wanakijiji ambao wenyewe walichagua tatizo, wakalichambua, wakatunga na kuigiza kwa ngoma zao. Jina la harakati hiyo bado linatumika katika miradi, sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Kilichobaki mara nyingi ni ngoma. Uchambuzi ulikuwa unachukua wiki kadhaa, na hakuna bajeti ya wiki kadhaa.

Shuleni hali haitofautiani sana. Orodha ya Steve Reynolds, ambayo vizazi vya wanafunzi wa sekondari wameisoma, ina wazo safi: Furaha amekufa, ameacha barua yenye orodha, na wanaume wa kijiji wanatetemeka wasije wakatajwa. Mwisho tunajua tangu mwanzo, kwa hiyo jicho linahamia kwa wanaotetemeka, na hapo kijiji kizima kinakuwa kigeni machoni petu. Barua inaposomwa hakuna majina. Kuna mambo mema ambayo yangemwokoa. Sijui kama kuna mtazamaji aliyekuwa ameanza kuwachunguza wale wanaume ambaye hakuhisi kwamba wameachiwa waende nyumbani. Kama fumbo la kisa, ni zuri. Kama tendo la kumwachia mtazamaji hukumu, linamnyang'anya mezani.

Kijana wa ndevu za pamba nilikutana naye tena mwezi wa tatu, Kibaoni. Kikundi chao kinataka kutunga igizo lisilo na mfadhili, juu ya lumbesa: lile gunia la mpunga linalojazwa mpaka linafunga kilemba, mkulima analipwa gunia moja. Wanaye dalali, wanaye mkulima, wamekwama kwenye mwisho. Mkulima akishinda watu watajua ni uongo. Dalali akishinda watarudi nyumbani wamenuna, na wengine wao ni madalali. Nikamsimulia habari za Nguzo Mama, wanawake wanane na nguzo inayogoma.

"Na watu walikaa mpaka mwisho," akaniuliza, "kutazama nguzo isiyosimama?"

Akarudi kwa wenzake. Walikuwa na gunia tupu na mizani ya kuazima, na ubishi wao ulikuwa juu ya nani aingie uwanjani kwanza, dalali au gunia.